WordPress imegoma baada ya kugusa themu au plagini? Pitia hapa kabla hujafuta chochote

Posti zako zipo. Naanza na hilo kwasababu mtu akishaona blogu yake imekuwa nyeupe tupu, kinachomjia kichwani ni kwamba maandishi ya miaka yote yameenda, basi anaingiwa na hofu anaanza kufuta plagini, anainstoo WordPress mpya juu ya ile ya zamani, na mara nyingi ni hapo sasa ndo anapoteza kweli.

Iko hivi. Themu (muonekano wa blogu) na plagini (nyongeza za kazi) ni faili, zinakaa ndani ya folda ya wp-content, na picha zako nazo zipo humohumo kwenye uploads. Ila posti, kurasa, maoni ya wasomaji, menyu na seting karibu zote zinakaa kwenye databesi (hifadhidata), na hiyo ni kitu kingine kabisa, hata ukiitoa folda nzima ya plagini leo jedwali la wp_posts halitikisiki. Halafu kuna wp-admin na wp-includes, hizo ni WordPress yenyewe, huna sababu ya kuziediti na zikiharibika unapakua nyingine bure. Kwahiyo kila dalili hapa chini tunauliza kwanza: shida iko kwenye faili au kwenye databesi?

Naongelea WordPress uliyoiweka mwenyewe kwenye hosti unayolipia. Kama upo kwenye mpango wa bure wa wordpress.com faili huzioni kabisa, mengi ya humu hayatakusaidia.

Na kabla ya lolote, chukua bakapu hata kama blogu imeshaharibika. Ingia cPanel (ukurasa wa kusimamia hosti yako), File Manager, izipu wp-content uishushe, halafu humohumo fungua phpMyAdmin (ya kuangalia databesi), chagua databesi, Export. Halafu shika hili: zima, usifute. Plagini nyingi ukizifuta kwa kitufe cha Delete kwenye dashibodi zinaondoka na data zao, fomu ulizotengeneza, seting zote, maana zimeandikwa zijisafishe zikitolewa. Ukibadili jina la folda yake tu, inazimika na data inabaki.

Skrini nyeupe, au maneno "There has been a critical error on this website"

Hii ndo inayotisha watu kuliko zote na ndo yenye ushahidi mwingi kuliko zote. Maana yake PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress, imekutana na kitu haiwezi kukiruka ikasimama.

Kuanzia toleo la 5.2 la mwaka 2019 WordPress ikianguka hivi inatuma imeili kwa admini, inataja plagini au themu iliyosababisha na inakupa linki ya kuingilia dashibodi huku mhusika akiwa amesimamishwa kwa upande wako tu. Angalia spamu. Shida ni kwamba hosti nyingi za bei ndogo imeili zake hazifiki, kwahiyo usikae unaisubiri.

Kama unakumbuka ulichogusa mwisho, nenda wp-content/plugins, badili jina la folda ya hiyo plagini, weka _zima mwishoni, fungua blogu. Imefunguka? Umempata. Kama hukumbuki, badili jina la folda nzima ya plugins, kisha fungua ukurasa wa Plugins kwenye dashibodi ili WordPress izione hazipo izizime zote, rudisha jina la folda, halafu washa moja moja huku unafungua blogu kila ukiwasha. Ikianguka tena, ile uliyowasha mwisho ndo yenyewe, au angalau haielewani na mojawapo ya zilizotangulia.

Kama plagini zote zimezimwa na bado nyeupe, mshuku themu. Badili jina la folda ya themu unayotumia, fungua ukurasa wa Themes kwenye dashibodi, WordPress itahamia kwenye themu ya kawaida kama ipo, zile za Twenty Twenty-na-kitu. Ndo maana usizifute zote hizo, bakiza moja hata kama huipendi.

Njia nzuri kuliko kubahatisha ni kusoma logi, yaani faili ambamo makosa yanaandikwa. Fungua wp-config.php (faili ya seting kuu za WordPress), juu ya ule mstari unaosema stop editing weka hivi, na kama WP_DEBUG ipo tayari imeandikwa false ibadilishe hiyohiyo usiandike mara mbili:

define( 'WP_DEBUG', true );
define( 'WP_DEBUG_LOG', true );
define( 'WP_DEBUG_DISPLAY', false );

Fungua blogu tena mara moja, kisha nenda wp-content ufungue debug.log. Utakuta makelele mengi ya Notice na Deprecated, yapite, tafuta mstari wenye Fatal error. Mstari huo una njia ya faili, na njia ya faili ina jina la plagini au themu. Ukimaliza rudisha false na ufute debug.log, kwasababu kwa kawaida faili hiyo mtu yeyote anayejua anwani yake anaweza kuisoma.

Makosa yenyewe yanajirudia, haya ndo utakayokutana nayo sana:

"Call to undefined function create_function()" au each(): plagini ya kizamani imekutana na PHP mpya. Hizo funksheni ziliondolewa PHP 8.0 iliyotoka Novemba 2020, na kinachotokea ni hosti wanapandisha PHP usiku, asubuhi wewe unaamka blogu haipo na hujagusa kitu. Unaweza kurudi PHP 7.4 kwa muda kupitia cPanel, ila 7.4 iliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022, kwahiyo ni pa kujificha siku mbili tatu wakati unatafuta plagini mbadala, usihamie.

"Cannot redeclare": funksheni moja imeandikwa mara mbili. Mara nyingi umepachika kodi kwenye functions.php ambayo tayari ipo, au umenakili functions.php yote ya themu mama ukaiweka kwenye themu mtoto (themu ndogo inayoirithi themu yako, tutaiona chini).

"syntax error" au "Undefined constant" muda mfupi baada ya kupachika kodi: angalia alama za nukuu. Kodi ikipita WhatsApp au Word zile nukuu zilizonyooka zinageuka kuwa zilizopinda, kwa macho hazina tofauti kubwa lakini PHP haizitambui kama nukuu. Ziandike upya kwa mkono.

"Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted": hiyo namba ni MB 128, memori imeisha. Unaweza kuongeza kwenye wp-config.php kwa define( 'WP_MEMORY_LIMIT', '256M' ); Ingawa hosti ikiwa imeweka ukomo wake hutoboi. Na hapa watu wengi wanamwonea asiyehusika, faili inayotajwa kwenye kosa hili ni ile iliyoomba memori ya mwisho, sio lazima ndo iliyokula memori yote. Kama faili inayotajwa inabadilika kila mara, ujue tatizo ni mzigo wote kwa ujumla, punguza plagini.

"Briefly unavailable for scheduled maintenance"

Umeapdeti plagini kumi kwa mpigo kwenye hosti ndogo, muda wa kuchakata ukaisha katikati. WordPress ikianza kuapdeti huweka faili inaitwa .maintenance pale kwenye folda kuu, ikimaliza inaitoa. Ikikwama, yenyewe hupuuzwa baada ya dakika 10. Huna subira? File Manager, Settings, onyesha faili zilizofichwa, ifute. Ukiacha debug.log, hii ni faili pekee kwenye makala hii ninayokwambia futa bila wasiwasi. Ila angalia ile plagini iliyokuwa katikati, inawezekana imenakiliwa nusu, iweke upya.

Umeapdeti themu, mabadiliko yako yote yamefutika

Hapa naomba tukae kidogo, maana ni kilio cha kila siku na hakina haja ya kuwepo.

Themu ikiapdetiwa folda yake ya zamani inatolewa inawekwa mpya. Chochote ulichoandika ndani ya faili zake, footer.php, style.css, functions.php, kinaondoka. Sio hitilafu, ndo inavyofanya kazi. Na suluhisho la baadhi ya watu la kuacha kuapdeti themu milele ni baya kuliko ugonjwa, kwasababu matundu ya usalama hayazibwi. Mwaka 2014 plagini ya Revolution Slider ilikuwa na tundu, na kwakuwa themu nyingi za kulipia zilikuja nayo ikiwa imefungashwa ndani, wenye blogu hawakujua hata kama wanayo, na tovuti nyingi sana zikavamiwa.

Tengeneza themu mtoto. Folda mpya ndani ya wp-content/themes, mfano astra-mtoto, ndani yake style.css ikianza hivi:

/*
Theme Name: Astra Mtoto
Template: astra
*/

Hapo kwenye Template andika jina la folda ya themu mama kama lilivyo, herufi kwa herufi. Ukikosea WordPress itasema themu mama haipo na hutaweza kuiwasha. Weka na functions.php ambayo ni mpya, ina mstari wa <?php na kodi zako tu. Ukitaka kubadili footer.php, nakili footer.php ya mama weka kwa mtoto, editi hiyo.

Themu mtoto imewaka lakini blogu iko uchi, haina rangi wala mpangilio? CSS (kodi ya muonekano) ya mama haijaitwa. Baadhi ya themu zinajiita zenyewe, nyingine inabidi uiite kwenye functions.php ya mtoto kwa wp_enqueue_style.

Kama unachotaka ni kubadili rangi na ukubwa wa maandishi tu, huna haja ya themu mtoto, tumia Additional CSS. Hiyo inakaa kwenye databesi, apdeti haiigusi. Ila inahifadhiwa kwa kila themu kivyake, ndo maana ukibadili themu inaonekana imepotea na ukirudi kwenye ya zamani unaikuta. Menyu ni hivyohivyo, ukibadili themu menyu haijafutika, imekosa mahali pa kukaa tu, nenda Menus uichagulie nafasi. Wijeti zilizokosa nafasi zitafute kwenye Inactive Widgets.

Themu za bloku (unazoziediti zote ndani ya Site Editor ya dashibodi), zilizoanza rasmi na WordPress 5.9 mwaka 2022, zina tabia ya kinyume. Ukiediti kiolezo kwenye Site Editor kinahifadhiwa databesi na kinaishinda faili. Kwahiyo mtu anabadili faili ya themu mpaka anachoka na hakuna kinachobadilika, kumbe toleo lake la databesi ndo linaloonyeshwa. Ingia Site Editor, tafuta hicho kiolezo, kirudishe kwenye hali ya mwanzo.

Umebadilisha lakini huoni mabadiliko

Kashe, yaani nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa ili ufunguke haraka. Na sio moja, zinaweza kuwa nne zimepangana: plagini, seva ya hosti, Cloudflare (huduma inayokaa kati ya wasomaji na seva yako, kama unaitumia), na brauza yako. Fungua ukurasa ukiwa umeongeza ?a=1 mwisho wa anwani. Ukiona mabadiliko hapo na kwenye anwani ya kawaida huyaoni, shida ni kashe, safisha kuanzia plagini ukienda nje.

Usiweke plagini mbili za kashe. W3 Total Cache na WP Super Cache, kwa mfano, zote zinagombania faili moja inaitwa advanced-cache.php ndani ya wp-content, hakuna atakayeshinda vizuri. Na ukitoa mmoja angalia kama hiyo faili imebaki.

Blogu inafunguka ila kitu kimoja hakifanyi kazi

Menyu ya simu haifunguki, slaidi imeganda, kitufe hakibonyezeki. Hiyo ni JavaScript, kodi inayofanya kazi ndani ya brauza. Kwenye kompyuta bonyeza F12, nenda Console, soma nyekundu. "jQuery is not defined" mara nyingi inatoka kwa plagini ya kashe ambayo umeiwashia kuchelewesha au kuunganisha JavaScript, zima hiyo chaguo kwanza kabla hujailaumu themu.

Kama console haisemi kitu cha maana, weka plagini inaitwa Health Check & Troubleshooting. Uzuri wake ni kwamba inazima plagini zote na themu kwa ajili yako wewe tu uliyelogin, wasomaji wanaendelea kuona blogu kama kawaida, unawasha moja moja kwa utulivu hata saa nane mchana. Kwa blogu yenye wasomaji hii ni bora mara mia kuliko kuzima kila kitu hadharani.

Ukurasa wa mwanzo unafunguka, posti zote zinasema 404 (ukurasa haupo)

Settings, Permalinks, usibadili kitu, bonyeza Save. Imeisha mara nyingi hapo. Kinachofanyika ni WordPress kuandika upya sheria za anwani, na kama seva ni Apache au LiteSpeed inaziandika kwenye .htaccess. Isipopona, angalia kama .htaccess ipo na inaandikika, ruhusa 644. Ukiwa umekodi VPS (seva unayoisimamia mwenyewe) yenye Nginx badala ya Apache, .htaccess haisomwi kabisa, unahitaji kwenye seting za seva:

try_files $uri $uri/ /index.php?$args;

"Error establishing a database connection"

Faili ziko sawa, databesi haipatikani. Kama umehama hosti juzi, ni DB_NAME, DB_USER, DB_PASSWORD au DB_HOST kwenye wp-config.php. Kama hujagusa kitu na inakuja na kuondoka, hasa saa za watu wengi, hosti yako imefika ukomo. Kama imekuja ghafla ikakaa, angalia diski imejaa, na mhalifu mara nyingi ni bakapu zinazojihifadhi ndani ya wp-content wiki baada ya wiki, zihamishie Google Drive. Majedwali yakiwa yameharibika weka define( 'WP_ALLOW_REPAIR', true ); halafu fungua /wp-admin/maint/repair.php, na ukimaliza ondoa huo mstari siku hiyohiyo, ule ukurasa hauombi paswedi.

Brauza inasema imezungushwa mara nyingi mno

Inatokea baada ya kuweka https. Kama unatumia Cloudflare na umeiacha Flexible, Cloudflare inaongea na seva yako kwa http, seva inamwambia nenda https, inarudi kwa http, hakuna mwisho. Weka cheti kwenye hosti na ubadili iwe Full (strict). Kama hutumii Cloudflare, angalia siteurl na home kwenye jedwali la wp_options, zote ziwe https na zifanane, moja isiwe na www nyingine haina.

Wasomaji wanasema wanapelekwa kwenye tovuti za kubeti, wewe huoni

Waamini. Virusi vya aina hii vinamficha admini makusudi, vinamrusha mtu anayetoka Google au anayetumia simu tu. Fungua blogu yako kwa simu, bila kulogin, ukitokea kwenye matokeo ya Google.

Nakuuliza bila kukuhukumu, themu uliitoa wapi? Themu na plagini za kulipia zilizovunjwa zikagawiwa bure ndo mlango mkubwa. Kuna virusi vinaitwa WP-VCD vilienea kwa njia hiyohiyo, ukiwasha themu vinajiandika kwenye functions.php za themu zako nyingine zote na kuweka faili kama wp-vcd.php ndani ya wp-includes. Hakuna aliyekaa kuvunja themu ya dola 59 akugawie kwa upendo. Najua kulipa dola kutoka huku ni shida, kadi, ada, mambo mengi, lakini themu za bure za kwenye saraka ya WordPress.org zinatosha kabisa kwa blogu ya kawaida, na zinakaguliwa kabla ya kupokelewa.

Kusafisha: shusha bakapu, futa wp-admin na wp-includes weka mpya kutoka wordpress.org, pitia na faili za PHP zilizo pale folda kuu maana nazo huwa zinachezewa, toa kila themu na plagini uweke upya kutoka chanzo halali. Hapa kufuta faili kunaruhusiwa, ila futa kwa File Manager, sio kwa kitufe cha dashibodi. Ingia uploads utafute faili za .php, mule kunatakiwa picha na nyaraka tu, ukikuta PHP isiyo index.php tupu ishuku. Angalia orodha ya watumiaji kama kuna admini usiyemjua. Badili paswedi zote pamoja na ya databesi na ya cPanel, na badili zile funguo za siri kwenye wp-config.php, hiyo inamtoa kila aliyelogin, yeye na wewe. Kama una WP-CLI (zana ya kuiendesha WordPress kwa kuandika amri), amri ya wp core verify-checksums inakuonyesha faili za WordPress zilizochezewa.

Posti uliyopanga haikutoka

Ratiba ya WordPress inaamka pale tu mtu anapotembelea blogu. Usiku hakuna msomaji, hakuna kinachoamka, na kashe ikiwa kali ni mbaya zaidi. Weka DISABLE_WP_CRON kuwa true kwenye wp-config.php, kisha cPanel, Cron Jobs, iite wp-cron.php kila dakika 15. Na hakikisha saa za eneo kwenye Settings ni Dar es Salaam au Nairobi, ukiiacha UTC posti ya saa mbili asubuhi inatoka saa tano.

Blogu ya Kiswahili ila vitufe vimebaki Kiingereza

Umechagua Kiswahili kwenye Settings, menyu nyingine zimebadilika, lakini chini ya posti bado inasema "Read more". Maneno hayo ni ya themu, na themu nyingi hazina tafsiri ya Kiswahili iliyokamilika. Weka plagini inaitwa Loco Translate, chagua themu, ongeza lugha ya Kiswahili, tafsiri maneno yanayoonekana kwa wasomaji tu, huna haja ya kumaliza mia tano yote. Inapokuuliza uhifadhi wapi chagua Custom, yaani wp-content/languages/loco, kwasababu ukihifadhi ndani ya folda ya themu apdeti inayofuata inaondoka nayo. Ukishatafsiri na bado "Read more" ipo palepale, themu imeliandika neno hilo moja kwa moja bila kuliruhusu kutafsiriwa, hapo nakili hiyo faili kwenye themu mtoto ulibadilishe kwa mkono.